Nyumba Ipi, Ukuta Upi

Mkunga alifika dukani amechelewa, akamkuta Mwalimu amesimama mlangoni kama mtu aliyepewa kazi ya kulinda kivuli chake mwenyewe. Hakumuuliza mbona umechelewa. Alimtazama usoni kwanza, macho yakashuka taratibu mpaka kwenye viatu vyeupe vya wodini ambavyo hakupata nafasi ya kuvibadilisha, ndipo akasema, "Mtoto gani?"

"Wa kike. Mkubwa, mkaidi. Amelia kabla mabega hayajatoka."

"Na mama yake?"

"Mzima. Nimemwacha amelala."

"Basi na wewe pumua. Duka halihami."

Mkunga akapumua, na katika kupumua huko akatabasamu bila kukusudia. Ndivyo alivyokuwa bwana huyu. Wanafunzi wake wa udereva walimpa jina la Taratibu, maana hata gari likielekea mtaroni yeye alisema neno hilo hilo kwa sauti ile ile. Mkunga peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Mwalimu. Alikuwa mwanafunzi wake kweli. Alijifunza kuendesha gari akiwa mtu mzima, mjane, mama wa binti aliyemzidi kimo, na wiki ya kwanza alizima gari katikati ya barabara mpaka wauza magazeti wakamjua kwa sura.

Mapenzi yao hayakuanza kwa kishindo. Yalianza kwa kuchoka. Somo likiisha, waliegesha gari chini ya ukuta wa kiwanda cha sabuni wasubiri mwanafunzi mwingine, na Mwalimu aliegemeza simu yake kwenye usukani, wakaangalia kipande cha filamu. Spika ya masikioni ilikuwa moja kwao wawili: sikio moja lake, jingine la Mkunga, na waya ukiwalazimisha kukaa karibu kuliko ilivyohitajika. Simu ilikuwa na ufa kwenye pembe. Waigizaji waliingia katika ufa huo wakapotea, kisha wakatokea upande wa pili. Siku moja filamu ilikatika mahali patamu, na Mwalimu akasema, akiitazama simu wala si Mkunga, "Tukiwa na kwetu, tutaangalia ukutani. Watu wawe wakubwa kama watu."

Tukiwa na kwetu. Hakuna posa nyingine iliyowahi kutolewa baina yao. Mkunga aliielewa, akakubali, na sasa ndoa ilikuwa mwezi ujao na hiki ndicho kilikuwa kitu chao cha kwanza kununua pamoja.

Ndani ya duka palikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya maboksi mapya. Muuzaji alikuwa mwanamke kijana mwenye tumbo kubwa lililoshuka, mkono mmoja kiunoni. Kabla hajawakaribisha, Mkunga alikwisha kumvutia kiti.

"Mwezi wa nane?"

"Umejuaje, mama?"

"Kaa. Tutazungumza umekaa."

Muuzaji akakaa, akashusha pumzi ndefu, na kuanzia hapo akawa kama mtu wa nyumbani. Waliposema wanataka projekta ya kuangalia filamu za mtandaoni, hakukimbilia kuwaonyesha ya bei kubwa. Aliwapeleka kwenye chumba kidogo cha nyuma chenye pazia jeusi, akawasha mbili kwa pamoja, picha moja kando ya nyingine.

"Tazameni nywele za yule mwanamke," alisema. "Upande huu unaona unywele mmoja mmoja. Upande ule unaona kofia. Na boksi la hii ya pili limeandikwa inapokea picha kali. Kupokea si kuonyesha. Mimi nyumbani napokea wageni wengi, lakini kitanda changu ni kimoja."

Mwalimu akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika.

"Ndani yake ina filamu?" Mkunga aliuliza.

"Zingine zina programu zake humo humo. Mimi siwashauri. Baada ya muda zinazeeka, zinagoma kufunguka, na huwezi kubadilisha. Nunueni projekta inayojua kazi moja, kumulika. Kazi ya kuleta filamu mwachieni huyu." Akatoa kijiti cheusi kisichozidi kidole cha shahada, cha kuchomeka nyuma ya projekta. "Huyu akichoka mnamtupa, mnanunua mwingine. Projekta inabaki."

"Na mwanga?" Mwalimu aliuliza. "Tukitaka kuangalia mchana?"

"Hapo ndipo ninapotaka mnijibu nyinyi." Muuzaji alizima projekta zote mbili, akawasha taa ya chumba. "Chumba mtakachoiweka, kutoka projekta mpaka ukutani pana umbali gani? Na dirisha liko wapi?"

"Mita nne na ushee," alisema Mwalimu. "Dirisha liko mkono wa kulia, kubwa."

"Mbili na nusu," alisema Mkunga, katika pumzi hiyo hiyo. "Dirisha liko nyuma, dogo."

Wakageukiana.

Muuzaji alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Samahani. Ukuta ni mmoja au miwili?"

Mita nne na ushee, dirisha kubwa kulia: hiyo ilikuwa sebule ya Mkunga mwenyewe, katika nyumba aliyoishi na marehemu mumewe. Mbili na nusu ilikuwa ya Mwalimu, kile chumba cha mbele chenye kochi moja na ramani ya alama za barabarani. Kila mmoja alikuwa ametaja nyumba ya mwenzake.

"Kwani mnakaa wapi?" muuzaji aliuliza.

"Bado hatujaoana," alisema Mwalimu.

"Mnaoana lini?"

"Mwezi ujao."

"Na hamjajua mtaishi nyumba ipi." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayesoma kipimo. Akasimama kwa kujishika mezani. "Nendeni nje mkapate hewa. Projekta hazina miguu, mtazikuta."

*

Nje palikuwa na benchi la saruji karibu na kituo cha kuchajia simu. Walikaa. Watu walipita na mifuko yao. Mkunga aliitazama mikono yake, Mwalimu aliitazama barabara, na dereva mmoja alipogeuza gari bila kuwasha taa ya ishara, Mwalimu hakusema neno. Hapo Mkunga akajua mambo ni mazito.

"Ulipima kwangu," alisema Mkunga.

"Na wewe ulipima kwangu."

"Lini wewe?"

"Siku ile ulipoingia jikoni kuchemsha maji. Nilipiga hatua kutoka kwenye kochi. Wewe je?"

"Ulipotoka kwenda kumlipa mtu wa maji. Nilipima kwa utepe wangu wa kazini."

"Wa kupimia matumbo?"

"Haukutosha, nikausogeza mara mbili."

Mwalimu aligeuza uso upande ili asicheke, lakini cheko lilimponyoka kidogo puani. Kisha likaisha.

"Kwa nini kwangu, Mkunga? Kwangu ni kichumba. Kwako ukiitwa usiku, unatembea unafika wodini. Kwangu utasubiri usafiri na mtoto hasubiri. Na Binti. Nikikutoa wewe pale, nimemtoa na yeye."

Mkunga alikuwa ameliweka jambo hili rohoni kwa siku nyingi, na sasa lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Dada yako alinisuka," alisema.

Dada yake Mwalimu alikuwa mkubwa wake, mwenye saluni yenye vioo vitatu, na ndiye aliyemlea Mwalimu tangu mama yao alipofariki. Mwalimu hakuhitaji kuuliza zaidi, lakini aliuliza. "Alisema nini?"

"Nilikuwa nimekaa chini, nywele zangu ziko mkononi mwake, ningekimbilia wapi? Alianza kwa upole. Akasema ndugu yangu ni mtu mzuri, hana baya. Akasema lakini mwanamume haolewi. Akiingia nyumba aliyojenga marehemu, kila msumari utamuuliza ametoka wapi. Watu watasema amefuata paa." Sauti ya Mkunga ilibaki tulivu. "Na kila neno anavuta unywele. Nilitoka pale na mistari mizuri na kichwa kinaniuma. Nikaona basi, mimi nitakuja kwako. Sitaki uchekwe kwa ajili yangu."

Mwalimu aliinamisha kichwa, akalisugua goti lake kwa kiganja.

"Na mimi niliambiwa jambo," alisema mwishowe.

"Na nani?"

"Na Binti."

Mkunga aligeuka mzima mzima. Binti yake, mwanawe wa pekee, alikuwa amemaliza mitihani na kukaa nyumbani akisubiri majibu. Tangu baba yake afe, alikuwa mtoto wa maneno machache. Aliosha vyombo, alisoma, alifunga mlango wa chumba chake bila kuubamiza. Mkunga alidhani kimya kile ni kukubali.

"Alikwambia nini mwanangu?"

"Mtu asimlaumu. Alisema kwa adabu. Nilikuwa natoka kwako, akanisindikiza mpaka getini, akalishika geti kwa mikono miwili. Akasema, Mwalimu, hapa karibu wakati wowote. Ila naomba ukija, uje kama mgeni."

Magari yakapita. Mkunga akaushika ukingo wa benchi.

"Hukuniambia."

"Ningekwambia ungemgombeza. Angenichukia kwa haki."

"Na bado ukapima kwangu? Baada ya kuambiwa hivyo?"

"Mgeni naye hukaa, Mkunga. Nilifikiri nitakuwa mgeni tu. Nitakuwa mgeni mzuri. Nitavua viatu mlangoni, nitaomba chumvi badala ya kuichukua, mpaka siku moja achoke yeye mwenyewe kuniita hivyo. Hata ikichukua miaka."

Hakumtazama alipokuwa akisema. Mkunga alimtazama yeye: kovu dogo kwenye kidevu, ukosi wa shati uliopigwa pasi upande mmoja vizuri na upande mwingine vibaya kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia. Alimpenda wakati huo kwa namna iliyomtia hofu. Na kwa hofu hiyo akasema jambo ambalo hakutaka kulisema.

"Labda tungoje. Binti akishaenda chuo. Dada yako akishatulia. Tumengoja mpaka umri huu, mwaka mmoja zaidi utatuua?"

Mwalimu aliyarudisha macho barabarani.

"Nimefundisha watu wengi," alisema. "Anayekimbia sana simwogopi, huyo anafundishika. Mwenye haraka nampa breki. Ninayemwogopa ni yule anayeingia katikati ya njia panda, akatishika, akasimama. Huyo hagongwi na mtu mmoja. Anagongwa na wote."

"Kwa hiyo unaniambia nini?"

"Nakuambia tumeshaingia njia panda. Ukitaka kurudi nyuma, nitarudi na wewe, sitakulazimisha mbele. Ila tusisimame hapa."

Mkunga alifumba macho. Akakumbuka mamia ya wanawake aliowashika mkono, waliomwambia sista, siwezi, naomba nipumzike kidogo, nitaendelea kesho. Naye aliwaambia wote jambo moja, kwa upole, kwamba kesho haipo katika kazi hii. Akafumbua macho.

"Jumapili," alisema. "Jioni. Kwangu. Mwite dada yako, mimi nitamwambia Binti asitoke."

"Tutawaambia nini?"

"Hatutawaambia kitu. Kila mmoja ameshasema lake, na kila mmoja alilisema gizani. Tutawaweka chumba kimoja, tutaangalia filamu. Wakitaka kusema, waseme wakiwa wanatazamana."

"Na kama hawatatazamana?"

"Basi watatazama ukuta. Ndiyo maana tunanunua projekta."

Mwalimu akacheka, safari hii kwa sauti, mpaka mwenye kituo cha simu akageuka. Alinyanyuka akampa Mkunga mkono wa kumsimamisha, na mkono huo haukuachia upesi.

Muuzaji alipowaona wakirudi, alivisoma vidole vyao vilivyoshikana kabla ya nyuso zao. "Nyumba imepatikana?"

"Bado," alisema Mkunga. "Kwa hiyo tupe inayokaa popote."

Akawapa ndogo, ya kubebeka kama mkate, yenye betri yake na mpini juu. Hakuwaficha kasoro. Mwanga wake ulikuwa mdogo kuliko wa zile kubwa. Mchana kweupe wangeona vivuli tu, lakini wakifunga mapazia jioni ingetosha sana. Ikikaa upande, kitufe kimoja kingeinyoosha picha. Kijiti cha filamu aliwachagulia yeye, akawaonyesha tundu la kukichomeka na waya wa kukipa umeme. Mkunga alimwacha amalize, kisha akauinua kidogo upindo wa gauni la muuzaji, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Alama ya kidole ilibaki kwenye uvimbe.

"Kesho uje kliniki nikupime presha. Mimi niko zamu ya asubuhi. Usiseme kazi nyingi."

"Nitakuja, mama."

"Nitakungoja."

*

Jumapili, jua likiwa limeanza kulegea, dada yake Mwalimu aliingia akiwa amevaa vizuri kupita kiasi, kama mtu aliyekuja kushuhudia kesi. Alimsalimia Mkunga kwa kumwita sista, kama wanavyoitwa wauguzi wote na watu wasiowajua. Akakaa ukingoni mwa kochi, mkoba magotini. Binti alimwamkia, "Shikamoo, shangazi," akajibiwa marahaba ya baridi, akarudi chumbani kwake na kuurudisha mlango.

Mkunga alikwenda jikoni kupanga vikombe. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliiona sebule yote. Mwalimu alifunga mapazia, akaiweka projekta juu ya kigoda, akaiwasha. Mwanga wa buluu ulimwagika kwenye ukuta mpana wa mbele, ukuta mweupe, ulionyooka, ambao hata kipofu angeuchagua. Katikati ya ukuta huo ilitundikwa picha ya marehemu. Alikuwa fundi bomba, na katika picha alivaa kofia ya kazini, akicheka upande mmoja. Mwanga ukampiga usoni.

Mwalimu aliishusha projekta haraka, kama mtu aliyemmulika mtu machoni kwa tochi. Akakichukua kigoda, akakigeuzia upande wa pili, kwenye sehemu nyembamba ya ukuta kati ya kabati la vyombo na mlango wa chumba cha Binti. Picha ikatoka imepinda, nusu yake kwenye kabati. Akakisogeza kigoda. Ikatoka ndogo. Akapiga magoti, akaingiza kitabu chini ya mguu mmoja wa kigoda.

"Si utumie ukuta ule?" dada yake alisema kutoka kwenye kochi. "Toa ile picha, tundika tena baadaye. Msumari hautakimbia."

"Hapa panatosha, Dada."

"Hapa hapatoshi hata kuanika taulo."

"Ule una mwenyewe," alisema Mwalimu, bila kuinua kichwa. "Hapa panatosha."

Alisema kwa sauti ndogo, sauti ya kumtuliza mwanafunzi. Lakini mlango wa chumba cha Binti ulikuwa umefunguka kidogo. Mkunga, na chupa ya chai mkononi, aliuona upenyo huo. Akaona jicho, kisha bega, kisha mwanawe mzima amesimama kizingitini, mwanga wa projekta ukimchora nusu ya uso. Alimtazama mwanamume aliyepiga magoti mbele ya mlango wake akipigania kipande cha ukuta kisichozidi upana wa mlango.

"Kitabu hicho ni cha fizikia," Binti alisema.

Mwalimu alishtuka, akakivuta. "Samahani, mwanangu. Nilikikuta mezani, sikuuliza."

"Kiache. Nimeshafanya mtihani wake." Akachuchumaa upande wa pili wa kigoda. "Kuna kitufe cha kunyoosha. Hiki. Unabonyeza unaacha, usikishikilie."

Picha ikajinyoosha, ikawa mstatili mzuri, ikakaa sawasawa kati ya kabati na mlango. Haikuwa kubwa sana. Ilikuwa na ukubwa wa dirisha. Binti akachomeka kijiti nyuma, akashika rimoti, na maandishi yakatokea ukutani.

Dada yake Mwalimu aliyasoma kwa sauti, kwa kujivunia macho yake ambayo hayakuhitaji miwani. "Chagua Wi-fi." Akarudia. "Chagua wifi? Mbona mashine inataka kujua mambo ya watu?"

Binti aliuma mdomo. Kisha akashindwa, akacheka, cheko fupi lililotoka kama chafya. "Shangazi, hiyo ni waifai. Mtandao."

"Mimi nasoma kilichoandikwa. Kimeandikwa wifi." Akauweka mkoba chini kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akageukia jikoni, akamwona Mkunga amesimama na chupa yake, naye akamtazama kwa muda, macho kwa macho, kama walivyotazamana kwenye kioo cha saluni, ila sasa pasipo kitana katikati. "Haya wifi, wewe uliyeandikwa ukutani, utakaa huko jikoni mpaka lini? Chai itachacha."

"Nakuja, wifi," alisema Mkunga.

"Sijasema nimekubali," dada mtu aliongeza. "Nimesema chai itachacha."

"Nimesikia."

Ukutani mashine ilikuwa imeuliza jambo jingine. Ilitaka nywila ya mtandao wa nyumba. Binti alikuwa ameishika rimoti, lakini kidole chake kilisimama. Mwalimu alielewa kwamba kuna kitu, ingawa hakujua ni kitu gani. Akajivuta nyuma kidogo, akageuza uso upande wa mapazia.

"Andika tu mwenyewe," alisema. "Mimi sitazami."

Binti hakuandika. Alikaa hivyo, amechuchumaa, rimoti magotini. Mkunga aliijua nywila hiyo. Aliitunga marehemu siku mtandao ulipoletwa, na hakuna aliyeibadilisha tangu hapo, wala hakuna aliyeitamka. Binti alipokuwa mdogo alikuwa hodari wa kusema, alisema tangu alfajiri mpaka usingizini, na baba yake alimpa jina la ndege asiyenyamaza. Jina hilo lilizikwa naye.

Binti akamnyooshea Mwalimu rimoti.

"Andika wewe," alisema.

"Sijui herufi zake."

"Nitakutajia. Ukihamia hapa na mimi nikienda chuo, nani atakuandikia?"

Mwalimu aliipokea rimoti kwa mikono miwili. Mkunga aliweka chupa chini, maana chai ilikuwa imeanza kumwagika.

"Chiriku," Binti alisema. Neno lilitoka limekwaruza. Alisafisha koo, akaanza upya, herufi kwa herufi, akisubiri kila moja itokee ukutani ndipo ataje inayofuata. "C. H. I. R. Zote ndogo. I. K. Hapana, umepitiliza, rudi. K. Halafu U."

Mwalimu alibonyeza taratibu, ulimi kwenye pembe ya mdomo, kama mtu anayeandika jina lake kwa mara ya kwanza. Duara dogo lilizunguka ukutani, likazunguka, kisha chumba kikajaa rangi.

"Sasa umeijua," Binti alisema. "Usimpe mtu."

"Simpi mtu," alisema Mwalimu.

Binti hakurudi chumbani. Alivuta mto kutoka kwenye kochi, akaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango wake, akaanza kumweleza shangazi jinsi ya kuchagua filamu. Alieleza kwa maneno mengi.